Siku Mtungi wa Ubatizo Ulipopasuka

Mwezi uliopita, saa ya mapumziko, kijana mmoja aliingia katika uwanja wa shule yetu hapa Kamina, karatasi mkononi na viatu vimejaa vumbi jekundu. Akasema ametumwa na ofisi ya utalii. Sikujua kama tuna ofisi ya namna hiyo, wala sikutaka kuuliza inafanya nini siku nyingine. Alikuwa anaandika orodha ya mambo ya kuvutia katika miji midogo ya kando ya mto, na watu walimwelekeza kwangu.

"Mwalimu, balinambia weye ni muntu wa kule ku Lualaba," akasema. "Kule kuko nini ya kuonyesha bageni?"

Nikacheka, tena si kicheko kizuri. Wageni gani, mwanangu? Wenyeji wenyewe walikimbia, na wengine walikimbia mara mbili. Lakini alikuwa kijana wa adabu, amesimama juani kalamu tayari, basi nikamhurumia. Nikamtajia kivuko, kanisa la matofali, msitu mdogo wa makaburi ya machifu, visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na ukingo wa udongo ambako wanawake walichimba udongo wa vyungu. Akaandika yote kwa mwandiko mzuri. Alipokuwa akikunja karatasi yake ili aende, akasema hivi hivi tu:

"Njo vile vile na ule mama muzee wa nyuma ya reli alinambia. Naye alikuwa anaikala kule zamani. Anasema alikuwa anauzisha samaki ya chumvi."

Niliketi kwenye ngazi ya darasa. Watoto wakadhani ni kizunguzungu, mmoja akaniletea maji kwenye kikombe. Hakikuwa kizunguzungu. Mama huyo nilimjua. Nilidhani amekwisha kufa, au amerudi kwao mbali upande wa Équateur, kumbe miaka yote hii tunanunua unga katika soko moja. Na kuna neno nililopaswa kulisema mbele yake nikiwa na miaka tisa. Sikulisema siku ile, wala kesho yake, wala mwaka uliofuata. Leo kichwa changu kina mvi na bado sijalisema.

Nitakusimulia, rafiki yangu, lakini twende kule kwanza, maana bila kuona mahali hutaelewa kosa.

Zamani, kutoka Kamina ulipanda treni hadi Bukama, kisha ukateremka na mashua kwa mto. Siku mbili, au tatu kama mchanga umeishika mashua. Mji wetu ulikuwa barabara moja tu, imeanzia kwenye kivuko na kuishia kwenye kanisa, na kati yake nyumba, soko, shule, na mbuzi ambao hawakuwa na mwenyewe hadi siku mmoja wao agongwe na kinga, yaani baiskeli. Hapo wenyewe walitokea watatu. Wageni waliposhuka walishangaa mafunjo. Kule kwetu mafunjo hukua juu ya maji mpaka yanakuwa kisiwa, na kisiwa hakitulii mahali pamoja. Unalala kiko mbele ya kivuko, unaamka kimehamia ng'ambo na ndege wake wote. Viboko tuliwasikia kuliko kuwaona. Na harufu ya mji, hiyo mtu angeweza kuijua amefumba macho: moshi wa samaki. Hata nguo za Pasaka zilinuka moshi wa samaki. Nilipokuja Kamina kusoma, wasichana wenzangu walinicheka kwa harufu hiyo, nami nikafua nguo zangu mpaka zikapauka. Leo ningelipa chochote ili nguo moja inuke hivyo tena.

Nililelewa na kambo, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, mama mzaa mama. Alikuwa mfinyanzi. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko yeye mwenyewe, na kucha zake zilikuwa na udongo hata siku ya komunyo. Alikuwa mkali, hana maneno mengi, na akikusifu ujue kuna kazi inakuja. Asubuhi na mapema tulikwenda ukingoni. Udongo wa juu ni mwekundu, haufai. Unachimba mpaka ufike ule wa kijivu, laini, baridi kama tumbo la samaki. Haukuchimbwa na yeyote tu. Mwanamke aliyegombana na mwenzake hakushuka ukingoni mpaka wapatane. Kambo alisema, "Mutu ya kinyongo, mutungi yake inavuja." Nimeona kwa macho yangu wanawake wawili wazima, waliotukanana sokoni kwa ajili ya kuku, wanakunywa maji kikombe kimoja asubuhi na mapema, nyuso zimenuna, ili tu waruhusiwe kuchimba.

Kazi yangu ilikuwa kutwanga vigae. Chungu kikivunjika katika nyumba yoyote, vipande vililetwa kwa kambo, nami nikavitwanga kwenye kinu mpaka viwe unga, akauchanganya na udongo mpya. Alisema udongo peke yake ni mtoto, hauujui moto. Lazima uchanganywe na mzee aliyekwisha kuupita. Kwa hiyo ndani ya kila mtungi wa mji wetu kulikuwa na mitungi ya zamani, na ndani ya hiyo mingine, mpaka huko nyuma ambako hakuna anayejua. Nilitwanga nikilalamika. Mavumbi yaliniingia puani, na marafiki zangu walikuwa wanaogelea. Nani angenieleza kwamba nilikuwa natwanga urithi? Ningemwambia atwange yeye.

Siku ya kuchoma ndiyo ilikuwa na miiko. Vyungu vilipangwa juu ya kuni vimeinamishwa, vikafunikwa magome na majani makavu, kisha moto. Hapakuwa na ugomvi wala matusi. Zaidi ya yote, hapakuwa na chumvi. Chumvi haikukaribia moto wa vyungu hata chembe. Mwanamke aliyepika mboga yenye chumvi asubuhi hiyo alibaki kwake. Ukiuliza kwa nini, uliambiwa chumvi na chungu vitakutana jikoni maisha yote, basi waviache siku hiyo moja. Jibu hilo liliniridhisha nilipokuwa mdogo, na kusema kweli mpaka leo sijapata lingine.

Sasa jirani yetu, yule mama wa samaki. Alikuja na mumewe askari, aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, watu wa Lingala. Askari akahamishwa tena, akamwambia mkewe amngoje, na hakurudi. Watu walisema amekufa, wengine walisema ameoa kwingine. Mama akabaki na watoto wawili katika mji usio wake, akaanza kununua samaki wabichi kivukoni, kuwapasua, kuwatia chumvi ya mawe na kuwaanika. Wanawake wa mji walinunua kwake, lakini kuketi naye, aa-a. Walisema anaongea kwa sauti ya amri kama mumewe. Kambo peke yake ndiye aliyemwita kwake.

Sijui urafiki wao ulianzaje. Najua tu kwamba jioni, kazi zikiisha, walikaa nyuma ya nyumba yetu kila mmoja na kiti chake cha mti, wakala karanga, na yule mama alicheka kwa sauti hadi bata wakakimbia. Alimfundisha kambo maneno ya Lingala, kambo akayaharibu makusudi. Ndiye mtu wa pekee niliyemwona akimtania kambo. "Mama wa vyungu," alimwita, "siku moja utajifinyanga weye mwenyewe, tukuweke ku mulango."

Alitaka kusaidia siku za kuchoma, na wafinyanzi wenzake na kambo wakakataa: mtu wa chumvi kutwa nzima, ataukaribiaje moto? Kambo akatafuta njia. Siku ya kuchoma, kabla jua halijatoka, yule mama aliteremka mtoni akajisugua kwa mchanga na jivu, mikono hadi mabegani, miguu, kucha, nywele. Kisha alivaa kitenge cha bluu ambacho hakikuingia kwake kamwe. Kilitunzwa nyumbani kwetu, kimekunjwa juu ya sanduku la kambo. Alirudi kutoka mtoni anatetemeka kwa baridi ya kiangazi, midomo imepauka, anacheka. Alifanya hivyo miaka mitatu bila kukosa mara moja. Fikiria: mtu anajisugua mpaka ngozi inachubuka ili apate tu kubeba kuni za rafiki yake.

Kisha padri akaagiza mtungi. Kanisa lilikuwa limesakafiwa upya, naye akasema maji ya ubatizo yasitoke tena kwenye beseni la bati, yatoke katika udongo wa hapa hapa. Alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, kwa miguu, akakaa kwenye kiti cha mti na magoti yamefika kidevuni. Kambo hakusema neno mpaka alipoondoka. Halafu akaingia ndani, nikamsikia analia. Nilikuwa sijawahi kumsikia analia, nikadhani padri ameleta habari ya msiba.

Mtungi ule aliujenga juma zima. Tumbo lake lilikuwa pana hata mikono yangu haikukutana nilipoukumbatia. Shingoni aliuzungushia alama za kamba iliyosukwa, zile alizofundishwa na mama yake, na chini yake msalaba mdogo. Ulikauka ndani ya nyumba, na kwa wiki tatu sikuruhusiwa kukimbia, kucheza mpira, wala kupiga chafya nikiwa nimeuelekea. Watu walikuja kuutazama. Hata wale wanawake waliomkataa rafiki yake walisimama mlangoni wakanyamaza.

Asubuhi ya kuchoma nilitumwa kwa yule mama kuchukua kikapu cha majani makavu alichokuwa amekiweka nje. Yeye alikuwa mtoni anajisugua. Mlangoni pake palikuwa na gunia la chumvi ya mawe, limefunguliwa. Nami, kama kawaida yangu, nilikuwa na mapera mabichi mawili nimeyaficha kiunoni, na wewe unajua pera bichi bila chumvi ni adhabu. Nikachota kidogo, nikaifunga kwenye jani, jani nikalifunga kwenye ncha ya kitenge changu. Basi. Mtoto wa mfinyanzi, niliyezaliwa ndani ya miiko ile, nilisahau. Sitasema nilikusudia, maana sikukusudia. Nilikuwa nafikiria pera.

Moto ulikuwa umekwisha kushika nilipokumbuka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale, nikasikia kambo ananiita nilete majani zaidi, na mkono wangu ukagusa lile fundo. Mawee! Kama ningekimbia wangeuliza kwa nini. Kama ningeidondosha chini wangeiona. Nikafungua fundo nyuma ya mgongo, nikasogea na kikapu changu, nikamwaga majani na chumvi pamoja pembeni mwa moto. Ikalia pta-pta-pta. Moto wa magome hulia hivyo pia, hakuna aliyegeuka. Nikamshukuru Mungu, mjinga mimi.

Haukupita muda mrefu, ndani ya moto kukatoka sauti moja nzito. Kila mfinyanzi anaijua. Kambo alifumba macho. Wakangoja, maana moto haufunuliwi kabla ya wakati, mpaka majani yalipoungua na mtungi ukaonekana umegawanyika kutoka shingoni hadi chini, msalaba upande huu, tumbo upande ule.

Ndipo mmoja wa wale wanawake akainama pembeni, akaokota kitu, akakiweka ulimini. "Chumvi," akasema. "Ya mawe. Ya samaki."

Punje chache zilikuwa zimeruka nje ya moto. Wote wakamtazama yule mama, aliyesimama na kuni begani katika kitenge chake cha bluu, nywele bado zina maji.

"Mama, nilioga," akamwambia kambo. "Uliniona. Nilioga mpaka ku nywele."

"Nilikuona," kambo akasema.

"Basi ambia bale!"

Kambo alitazama mtungi. Alitazama zile punje katika kiganja cha yule mwanamke. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao nimekumbatia kikapu kitupu, na nilihesabu moyoni: nikifika kumi nitasema. Nikafika kumi. Nikaanza tena.

"Rudia kwako," kambo akamwambia. Hakupaza sauti.

Kesho yake alinipa kile kitenge, kimefuliwa na kukunjwa, nikipeleke. Ilikuwa hatua kama arobaini kutoka mlango wetu hadi wake. Nilipofika, alikuwa anapasua samaki. Aliosha mikono kabla ya kukipokea, jambo ambalo halikuwa na maana tena.

"Kambo yako alisema nini?" akaniuliza.

"Hakusema kitu."

Akanitazama, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nikakimbia.

Vipande vya mtungi ule sikuvitwanga. Kambo alikataa visichanganywe na udongo mpya, akavitupa mtoni mwenyewe. Na mji ukafanya kama miji inavyofanya. Hakuna aliyempiga yule mama, hakuna aliyemtukana. Walipunguza salamu tu. Walianza kununua samaki kwa mwingine. Kamba zake za kuanikia zikakatwa, ikasemekana ni mbuzi. Mvua za kwanza zilipokuja, alipanda mashua ya Bukama na watoto wake wawili na godoro, ili kwenda Kamina kwenye kambi, ambako kulikuwa na wake wa askari wa kwao. Nilisimama kivukoni nyuma ya rundo la magunia nisionekane. Kambo alikuwa nyumbani anatwanga mihogo. Honi ya mashua ilipolia, nilisikia mchi umesimama kidogo, halafu ukaendelea.

Kiangazi kilichofuata alijenga mtungi wa pili, ukatoka mzima. Ulikaa kanisani karibu na mlango, na watoto wote wa mji walibatizwa kwa maji yake. Wageni walionyeshwa: tazameni kazi ya mama yetu. Yeye hakuwahi kuusogelea. Aliingia kwa mlango wa upande. Na jioni aliendelea kutoa viti viwili nyuma ya nyumba, kisha anakumbuka, anarudisha kimoja ndani. Niliona hilo kwa miaka, rafiki yangu. Nililiona kila jioni ya utoto wangu, nikala karanga zangu nikanyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi na sita alipougua. Nilikuwa nikimlisha uji kwa kijiko. Siku moja alishika mkono wangu, akasema kwa taratibu, maana pumzi ilikuwa fupi:

"Kitu moja njo inaniuma. Si mutungi. Mutungi ni udongo. Ule mama aliniangalia mu macho akasema aliisha kuoga. Kama alisema, mama, nilikosa, ningecheka naye. Juu ya nini alinidanganya? Miye nilikuwa rafiki yake."

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Kisha nikamuuliza kama uji unahitaji sukari.

Alikufa siku ya tatu. Tulimzika karibu na kanisa, na mtungi ulitolewa nje ili watu wanawe mikono.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Kila mwaka nafundisha jinsi maji yanavyogeuka mvuke, na jinsi mvuke uliofungiwa unavyotafuta njia. Mtungi mnene vile, wiki tatu hazikutosha kuukausha. Ungepasuka hata kama hapangekuwa na chembe ya chumvi. Nimejieleza hivyo mara nyingi nikiwa kitandani, nikiwa njiani, nikiwa kanisani. Ni kweli tupu, na haijanisaidia hata siku moja.

Kule kwetu sasa, wanaotoka huko wananiambia, mto umekula ukingo wa udongo wote. Watu hutumia vidumu vya njano vya mafuta, na sitawalaumu, kidumu hakipasuki ukikimbia nacho. Maana walikimbia sana. Miaka ile wenye silaha walipoingia na kutoka vijijini, kanisa lilipoteza bati, kisha madirisha, kisha milango, na mtungi wa ubatizo hakuna anayejua ulipokwenda. Mwanangu wa mwisho hajawahi kuona mwanamke akifinyanga. Nilipomweleza kuhusu kutwanga vigae alicheka: kwa nini msinunue tu kingine? Nilitaka kumpiga kofi, halafu nikakumbuka kwamba mimi nami nilikuwa nalalamika.

Juma moja zima baada ya yule kijana kuja nilitafuta sababu za kutokwenda. Mitihani, mvua, mafua. Jumamosi nikapanda pikipiki hadi nyuma ya reli. Niliwauliza watoto, wakanionyesha nyumba yenye uzio wa mabati.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, anachambua maharagwe kwa kugusa. Macho yake yameingiwa na ukungu. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mjukuu wa mama wa vyungu, wa kule mtoni. Akacheka kile kicheko, rafiki yangu, kicheko kile kile, ila sasa hakina nguvu ya kukimbiza bata.

"Kale katoto ka mapera!" akasema. "Kuya hapa, nikushike."

Akanishika uso, mabega, mikono. Akamwita mkwewe alete bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya mihogo, akashikilia kwamba lazima nile. Ndivyo alivyokuwa. Tulipokula akaniuliza habari za mji, za kivuko, za fulani na fulani, na karibu wote nilimwambia wamekufa. Kambo hakumtaja. Nikamtaja mimi.

"Nilisikia aliisha kufa," akasema. "Balinambia hapa hapa ku soko. Sikulia. Nilisema, ule alinifukuza, nitalia juu ya nini?"

Ndipo nikasema. Sikuhesabu safari hii. Nilimwambia gunia la chumvi mlangoni pake, jani, fundo la kitenge, majani makavu, pta-pta-pta. Nilimwambia nilisimama kati yao na kikapu kitupu nikanyamaza. Nilimwambia nilimletea kile kitenge na nikanyamaza. Nilipiga magoti kwenye mkeka wake, mimi mwanamke mzima, nikamwomba msamaha.

Vidole vyake vilirudi kwenye maharagwe.

"Miye nilikuwa najua kama haikuwa miye," akasema mwishowe. "Hii neno si yangu. Kambo yako njo alipaswa kuisikia."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini:

"Alikufa anafikiri nilimudanganya?"

Ningeweza kumwambia hapana. Mtu yeyote mwenye huruma angemwambia hapana. Lakini uongo kwa mama huyu nilikuwa nimeumaliza.

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini? Sema yote."

Nikasema yote. Uji, pumzi fupi, maneno yake moja baada ya jingine: ningecheka naye, juu ya nini alinidanganya, miye nilikuwa rafiki yake. Nikamweleza na vile viti viwili vya jioni.

Akasukuma ungo wa maharagwe pembeni. Hakunifukuza, wala hakuniambia amenisamehe, na mpaka leo hajaniambia. Alivuta kitenge akajifunika uso, akaanza kumlilia kambo kwa sauti, jinsi tunavyolilia maiti iliyo ndani ya nyumba. Majirani walikuja mbio kutoka pande zote mbili za reli, wakiuliza nani amekufa, amekufa lini.

"Rafiki yangu," akawaambia. "Sasa hivi."